Dakika arobaini

Hotuba kwa wakuu wa nyumba kumi, walimu na viongozi wa vijana, Goma

Wamama, wababa, wakuu wa nyumba kumi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliochagua kukaa karibu na mlango kama vile mlima utaanza sasa hivi: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, kile ambacho hapa mjini kila mtu anakiita OVG. Niseme mapema kwamba mimi si mtumishi wake. Ni mwalimu wa jiografia tu. Sikuja kukitetea, na walio na hasira nacho wasitegemee kwamba nitawasaidia kukitukana. Nimekuja na swali ambalo nimelisikia sokoni, kanisani, msibani na mgongoni mwa pikipiki tangu ule usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima wa Nyiragongo ulipolipuka. Swali lenyewe mnalijua, maana wengi wenu ndio mnaouliza: "Mbona hawakutuambia?"

Ni swali la haki. Mtu akipewa kazi ya kuchunga mlima, na mlima ukashuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji, lazima aulizwe alikuwa wapi. Ila jibu lake lina sehemu mbili, na mji huu umeshika moja tu.

Nianze na hiyo mnayoijua. OVG ilianzishwa 1986, ikitoka ubavuni mwa kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kivu ya Kusini. Imekabidhiwa volkano mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, matetemeko ya ardhi ya bonde letu la ufa, na Ziwa Kivu pamoja na gesi iliyolala chini yake. Mzigo huo wa taifa zima umebebwa na watu ambao mishahara yao imekuwa ikija kwa kusuasua, inapokuja. Baada ya balaa la mlipuko wa 2002 wafadhili walimiminika, na baadaye, kwa ushirikiano na makumbusho ya Tervuren ya Ubelgiji na wataalamu wa Luxembourg, zikafungwa mashine za kisasa zaidi ya kumi za kupima mitetemo kuzunguka milima hii. Kisha 2020 fedha za Benki ya Dunia zikakoma, katikati ya tuhuma za ubadhirifu. Mashine zilibaki mlimani, lakini kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na uwezo wa kulipia intaneti ya kuleta vipimo mjini. Intaneti ilirudi Aprili 2021, kwa msaada wa kutoka nje. Mwezi uliofuata mlima ukapasuka.

Na wizi tuutaje, kwa kuwa wezi si watu wa Ubelgiji. Mashine ya mitetemo inaishi kwa betri na paneli ya jua. Betri hiyohiyo inawasha taa nyumbani, inachaji simu za kijiji kizima. Ukiiacha porini, kwenye mbuga ambamo makundi yenye silaha yanapita usiku na mchana, usishangae ukirudi ukikuta waya zinaning'inia. Kila mashine iliyonyamaza ni upande mmoja wa mlima ambao hakuna anayeusikiliza.

Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kituo kilikuwa kimedhoofika, amesema kweli. Tarehe 10 Mei kilitoa taarifa kwamba mitetemo ya Nyiragongo imeongezeka. Lakini taarifa ya kwamba mitetemo imeongezeka haimwambii mama wa Majengo afunge virago leo. Alikuwa ameshasikia za namna hiyo, na mlima ukabaki pale pale.

Sasa sehemu ya pili, ambayo haisemwi sana labda kwa sababu haina mtu wa kulaumiwa. Mwaka 2022 wanasayansi wa nchi mbalimbali, wa OVG wakiwemo, walichapisha uchunguzi wao juu ya mlipuko ule. Walipitia kumbukumbu za mitetemo, picha za setilaiti, vipimo vya kuvimba kwa ardhi, vipimo vya gesi. Walitafuta dalili za wiki, za siku, za saa. Hawakupata onyo lililo wazi hadi zilipobaki takriban dakika arobaini kabla ya lava kutoka. Dakika arobaini. Hata kama kila mshahara ungelipwa na kila betri ingekuwa mahali pake, OVG isingekuwa na zaidi ya hizo za kutupatia.

Najua baadhi yenu hapo mnasema moyoni, mwalimu ameanza kutetea. Subirini kidogo.

Kwa kawaida volkano inayotaka kulipuka hujitangaza. Magma inapanda kutoka chini, inavunja miamba njiani, ardhi inatetemeka, mlima unavimba kwa sentimita chache, gesi inabadilika. Mashine zote za duniani zimetengenezwa kusikiliza kupanda huko. Lakini Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava juu, wazi, kwa miaka mingi. Magma ilikuwa tayari imefika, haikuhitaji kupanda. Chukueni bidoni ya njano iliyojaa maji, iliyochakaa kwa jua. Hakuna aliyeongeza maji, hakuna aliyeibana. Siku moja plastiki inachoka, inapasuka ubavuni, na maji yote yanakwenda. Mei 2021 kilichoshindwa ni ukuta wa mlima. Ndiyo maana hata macho yetu ya kila usiku hayakutusaidia. Sisi watu wa Goma tumezoea wekundu wa mawingu juu ya kreta. Ukiwepo tunalala, na jioni ile ulikuwepo. Kwa saa za kwanza habari zilizozunguka kwenye simu zilisema ni Nyamulagira, ambayo lava yake kwa kawaida inaelekea porini. Watu wakarudi mezani kumalizia chakula.

Linganisheni na 2002, wazee wanakumbuka. Mlima ulisema kwa karibu mwaka mzima. Matetemeko yalisikika majumbani, mvuke ulianza kutoka kwenye nyufa za zamani za mlipuko wa 1977, na wanasayansi wa hapahapa Goma, wakiwa na mashine zisizofika hata idadi ya vidole vya mkono mmoja, waliandika kuonya. Wakati huo mji ulikuwa chini ya waasi, nchi imekatika vipande, na barua zao hazikupata mtu wa kuzifanyia kazi. Tarehe 17 Januari 2002, Alhamisi, ubavu wa kusini ukafunguka kwa nyufa zilizoteremka hadi Munigi, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji, ikala kanisa kuu, ikaingia ziwani. Watu wapatao 400,000 waliondoka kwa miguu. Zaidi ya 100,000 walirudi bila nyumba.

Na 1977, tarehe 10 Januari, ziwa la lava lilimwagika lote chini ya saa moja. Lava ya Nyiragongo ina madini ya silika, yale yanayoifanya lava kuwa nzito, kidogo mno, kwa hiyo ni ya majimaji kuliko karibu lava yoyote duniani. Kwenye miteremko ya juu siku ile inakadiriwa ilikimbia hadi kilomita 60 kwa saa. Hata tembo wa porini iliwashika.

Mara tatu, basi, mlima huohuo, na kila mara kwa tabia yake. Anayewaahidi kwamba safari ijayo tutapewa wiki moja ya kujiandaa anawadanganya, awe amevaa koti jeupe au kanzu ya mchungaji. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa dakika arobaini. Mpango uliopangwa kwa dakika arobaini utafaa hata tukipewa mwaka. Uliopangwa kwa wiki hautafaa kitu siku ya dakika arobaini. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mengine yote yanatoka humo.

Tuzihesabu hizo dakika. Mchunguzi wa zamu anaona mitetemo ya ajabu. Anamwita mwenzake, wanathibitisha. Wanampigia mkubwa wao. Mkubwa anaarifu idara ya ulinzi wa raia, ulinzi wa raia wanamtafuta mwenye mamlaka ya mkoa, mwenye mamlaka anataka kwanza kuuliza juu zaidi, halafu inaandikwa taarifa, kwa Kifaransa, inapigwa muhuri, inapelekwa redioni, mtangazaji anaifasiri. Kila mmoja katika mnyororo huu anafanya kazi yake kwa uaminifu, na dakika zimekwisha. Jumamosi ile jioni, hata mchunguzi angejua kwa hakika dakika ya kwanza, sidhani kama nyumba moja ya Kanyaruchinya ingeipata habari kabla ya kuona moto kwa macho.

Kinachotakiwa ni amri iliyotolewa kabla. Mtu wa zamu pale OVG awe na ruhusa, iliyosainiwa leo wakati wa utulivu, ya kupiga simu moja kwa moja kwa redio na kwa orodha ya watu wa mitaani, bila kusubiri muhuri. Atakosea siku moja? Bila shaka. Tutakimbia bure usiku mmoja, tutalala Rubavu, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, tutarudi asubuhi tukinung'unika. Mimi nanung'unika vizuri sana nikiwa hai.

Zile rangi nne za tahadhari kwenye mabango ya mji, kijani, manjano, chungwa, nyekundu, ni nzuri kwa mlima unaosema taratibu kama ule wa 2002. Zifundisheni shuleni. Ila mwambieni mtoto kwamba mlima unaweza kuruka rangi mbili kwa usiku mmoja.

Sasa nije kwenu, wakuu wa nyumba kumi, kwa sababu hakuna mashine wala gavana anayejua kama nyinyi nani katika uwanja wenu hatembei, nani amejifungua jana, nani anauza usiku na kuwaacha watoto wamefungiwa. Nisikilizeni kwa makini hapa.

Mji wetu uko katikati ya mlima na maji. Kaskazini ni Nyiragongo, kusini ni ziwa. Lava inafuata mteremko, na mteremko unakwenda ziwani, kwa hiyo kukimbia kuelekea ziwani ni kukimbia mbele ya lava katika njia yake yenyewe. Milango ya kutokea ni miwili tu: mashariki, kwenye barieri mbili za kuingia Rwanda, magharibi, barabara ya Sake. Mwaka 2002 lava iliupasua mji katikati, na mtu aliyekuwa upande mmoja hakuweza kuvuka kwenda kwa ndugu zake upande wa pili. Kila nyumba kumi ijue leo, kabla ya hofu, iko upande gani, na mlango wake ni upi. Familia zisitafutane kwa kuvuka. Kila mtu atoke kwa mlango wa upande wake, mtakutana baada ya siku mbili.

Pia mlango wa pili hauaminiki sikuzote. Mnakumbuka 2024, Sake ilipokuwa uwanja wa vita na mabomu yakianguka kandokando ya barabara ileile tuliyoambiwa tukimbilie. Mpango wa kuhama uliochorwa mezani hauna habari ya mstari wa mbele uko wapi wiki hii. Nyinyi mnayo. Lazima kila baada ya muda mtu akae na kuuliza upya: leo, je, barabara ya magharibi inapitika?

Tembeeni kwa miguu. Hili nalisema kwa uchungu. Siku moja baada ya mlipuko wa 2021, serikali ilipotangaza waliokufa 15 wa kwanza, tisa kati yao walikuwa wamekufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Waliounguzwa na lava walikuwa wawili. Idadi ilipanda baadaye ikapita 30, lakini hesabu ile ya kwanza iwekeni kichwani. Kwenye miteremko ya juu lava inaweza kumshinda mtu mbio. Ikifika kwenye ardhi ya mji, iliyo karibu na tambarare, inapunguza mwendo sana, na 2002 watu wengi waliitazama ikija na wakaondoka mbele yake kwa kutembea. Mwenye miguu miwili anakwenda kilomita tatu kwa dakika arobaini, na zinatosha kumtoa njiani. Mwenye gari aliyekwama kwenye foleni ya taa nyekundu za magari mengine haendi popote. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ibebe wazee. Magodoro yaacheni.

Watoto. Usiku ule na siku zilizofuata UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na wazazi, na hofu kwamba wengine zaidi ya 170 hawajulikani walipo. Mtoto wa miaka minne anajua jina la mama yake kuwa ni "Mama". Walimu wa shule za msingi, hapa ndipo kazi yenu: jina kamili la mzazi, jina la avenyu, na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya sare. Haigharimu dola moja.

Halafu, lava ikisimama, msiirudie. Juu inaonekana nyeusi, imekauka, kama ile tuliyojengea nyumba zetu. Chini bado ni moto, na nyufa zake zinatoa gesi. Mwaka 2021 kuna watu waliokufa siku zilizofuata wakikatiza juu yake. Na 2002, siku chache baada ya mlipuko, watu walikuwa wakichota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava ya moto. Kililipuka na kuua makumi. Mlima ulikuwa umeshanyamaza.

Nigusie na ile tarehe 27 Mei, Alhamisi, kwa sababu wengi bado wana kinyongo nayo. Alfajiri gavana wa kijeshi aliamuru kata kumi kati ya kumi na nane za mji ziondoke, watu kama 400,000 wakaenda Sake, Minova, Rubavu, wakalala nje, wakakosa maji safi. Mlipuko wa pili haukuja. "Walituhangaisha bure," tunasema. Lakini siku zile magma ilikuwa imepita chini ya mji huu, kwa kina kifupi, ikaendelea hadi chini ya ziwa. Ndiyo iliyokuwa inatikisa kuta na kupasua barabara siku baada ya siku. Ingeweza kutokea juu popote, katikati ya soko, au majini. Kwa maoni yangu kuondoka kulikuwa sahihi, na kuandaa maji, vyoo na hema huko walikokwenda ndiko kulikoshindikana. Tulaumu mahali panapostahili.

Ziwa nalipitia haraka. Gesi nyingi imo, kabonidayoksaidi na methani, lakini imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, zaidi ya mita 200. Lava ya 2002 iliingia ziwani haikuifikia. Linapimwa, na lizidi kupimwa, ila lisiwe ndiyo hadithi pekee tunayowatishia watoto, wakati mazuku yako nyuma ya nyumba na yanaua kila mwaka.

Mazuku hayasubiri mlipuko. Ni kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mabonde madogo upande wa magharibi, kuelekea Sake, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anaingia, anaanguka. Mtoto anakwenda kumtoa mbuzi, anaanguka. Mama anakwenda kumtoa mtoto. Watu waliokimbia vita walipiga hema zao Bulengo, katika eneo hilohilo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. OVG inayapima mashimo hayo na kuweka alama. Mkiona kibao cha fuvu la kichwa, kisiwe kuni. Na mkiona mtu ameanguka shimoni asubuhi, msiruke ndani: kamba, pumzi imezuiwa, na mwenzako wa kukuvuta.

Kuhusu OVG yenyewe, ninayo madai mawili tu. Taarifa zake ziandikwe kwanza kwa Kiswahili, kile kinachosemwa Birere, ndipo zifasiriwe kwa Kifaransa kwa ajili ya Kinshasa. Na isione haya kusema redioni, "wiki hii mashine nne hazifanyi kazi, upande wa kaskazini hatuusikii." Sisi ni watu wazima. Taarifa ya namna hiyo ingewafanya wengi wetu wamwulize kijana anayeuza betri za bei chee amezitoa wapi.

Nimeongea vya kutosha. Ramani ziko kwenye meza, zimechapwa kubwa, avenyu zote zinaonekana. Wa Majengo, Virunga na Murara, njooni meza hii ya kushoto. Wa Himbi, Katindo na Ndosho, ile ya kulia. Kila mkuu wa nyumba kumi achore kwa kalamu nyekundu mlango wake na njia ya kuufikia kwa miguu, na pembeni aandike nani atambeba nani. Walimu, mzunguke muwasaidie. Wazee wenzangu waliosahau miwani, vijana wale wa mlangoni wana macho mazuri.